Cherehani ya Mbao na Mayai ya Pasaka

Mume wangu aliileta mashine ile kwa bodaboda, imefungwa blanketi la kijivu kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Yeye anafanya kazi chini ya ardhi, mgodini Bulyanhulu, na zamu yake ikiisha anarudi nyumbani Kahama. Siku hiyo alikuwa ametoka kuinunua kwa mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa akifungasha virago kurudi kwao.

"Sijui ni ya nini," akaniambia huku akifungua kamba, "lakini ina msumeno, na fundi wa nyumba hii ni wewe."

Mimi ni seremala. Nilisoma chuo cha ufundi, wasichana tulikuwa wawili tu darasani, na tangu hapo natengeneza vitanda, milango, makabati ya vyombo na, inapobidi, majeneza. Karakana yangu ni banda la mabati lililoegemea ukuta wa nyumba. Zana zangu zote nazijua kwa mlio wake, hata nikiwa jikoni. Lakini kitu kile sikuwahi kukiona. Kilikuwa na meza ndogo ya chuma, na juu yake mkono mrefu uliopinda kama wa cherehani. Pale ambapo cherehani ina sindano, chenyewe kilikuwa na msumeno mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, umekazwa juu na chini. Nilipochomeka waya na kuwasha, msumeno ukaanza kupanda na kushuka, upesi mpaka macho yakashindwa kuufuata.

Jirani yangu, fundi nguo, alikuja kuchungulia akiwa na tepu shingoni. "Ama! Wamekuletea cherehani ya mbao!" akasema, na jina likabaki hilo hilo.

Nikachukua kipande cha mninga, nikakisukuma. Tak! Msumeno ukakatika. Nikaweka mwingine, nao ukakatika. Wa tatu nikapunguza papara, nikaacha kusukuma, nikawa naigeuza mbao taratibu jinsi unavyoizungusha chapati kwenye kikaango, na msumeno ukaanza kunifuata. Kona, mduara, kona tena. Likadondoka mezani jani dogo la mbao lenye ncha na mishipa yake, jepesi, la kutosha kiganjani. Nilipiga kelele mpaka mume wangu akatoka nje na kijiko mkononi akidhani nimejikata. Siku ile sikula mpaka jioni. Kila kipande cha mbao kilichokuwa sakafuni nilikitoboa nikakigeuza ua, samaki, nyota au herufi.

Habari zikafika kanisani. Katikati ya Kwaresima akaja Sista anayeendesha chekechea ya kigango chetu, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, asiyejua kuketi.

"Tumsifu Yesu Kristo, fundi."

"Milele amina, Sista. Karibu kiti."

"Sikai. Tazama hii." Akanisogezea simu. Kulikuwa na picha ya mayai ya mbao, bapa kama sahani, yamekatwa maua na misalaba ndani yake hivi kwamba mwanga ulipita katikati. "Huko ughaibuni wanapamba hivi wakati wa Pasaka. Wewe unajua hali ya kanisa letu. Paa tumepata, kuta tunazo, madirisha ni matundu. Vioo havitapatikana mwaka huu. Nimefikiri, kama tungetundika mayai haya kwenye madirisha ya mashariki, asubuhi ya Pasaka watoto wangeona kitu."

Kwetu sisi Pasaka ni pilau, nguo mpya na kwaya. Yai la mbao hakuna aliyelijua. Lakini nilipoitazama ile picha mikono ilianza kuniwasha. Nilikuwa nimeshasema ndiyo kabla hajamaliza sentensi.

Nilianza na mninga niliopasua mwembamba. Nilichora yai kwenye karatasi, ndani yake msalaba uliozungukwa na mzabibu, nikaibandika karatasi juu ya mbao kwa uji wa ngano. Kisha kila sehemu iliyopaswa kudondoka niliitoboa tundu dogo kwa drili, nikaufungua msumeno upande wa juu, nikaupitisha tunduni, nikaufunga tena, nikakata, nikaufungua, nikahamia tundu jingine. Yai moja linaweza kuwa na matundu hata hamsini. Ni kazi ya kuchosha mgongo, lakini kila kipande kinapodondoka, unaona mwanga umeingia pale ambapo dakika iliyopita palikuwa na mbao tupu. Sikuchoka kuushangaa.

Nikiwa katikati ya kazi hiyo ndipo mama yangu alipokuja kutoka Ushetu. Alikuwa amekuja kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa amelifunga jicho la kushoto kabisa, na la kulia lilikuwa linaona kama mtu anayetazama ndani ya moshi. Wataalamu wa macho walimpangia upasuaji huko Shinyanga mjini, Juma Kuu lenyewe, na kaka yangu ndiye angempeleka. Akawa anasubiri kwangu.

Mama si mtu wa kanisa. Anashika mila za wazee wake na hajawahi kuficha. Pasaka anaiita "sikukuu yenu". Lakini mlio wa mashine ulimwita. Asubuhi ya kwanza tu alikuja akipapasa ukuta, kanga kichwani, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, hiyo ni cherehani?"

"Ya mbao, mayu." Nyumbani tunamwita hivyo, kwa Kisukuma chetu.

"Gashi!" Ndiyo "kumbe" yake. "Na unashona nini?"

Nikampa yai lililokwisha. Alilipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye kila tundu, kila kona ya mzabibu, polepole, uso ameuinua juu. Nikamsimulia picha za kwenye simu ya Sista, na kwamba wenzetu wa ughaibuni huchonga hata sungura, maana kwao sungura ndiye analeta mayai ya Pasaka.

Kidole cha mama kikasimama tunduni. "Sungura anataga?"

"Hatagi, mayu. Ni desturi yao tu."

"Sungura huyu wa kwenye hadithi, mwizi wa karanga? Yeye na Yesu walikutana wapi?" Tulicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Alipopata pumzi akasema, "Mchonge jogoo. Jogoo angalau anajua mayai yametoka wapi."

Nikamwambia jogoo yumo hata kwenye Injili, aliwika Petro alipomkana Bwana. Akafurahi, kama vile nimemwambia habari za ndugu yake aliyefanikiwa mjini. Kisha akasema neno ambalo sikulitarajia.

"Nipishe nikate."

"Mayu, huoni."

"Naona kiasi. Na vidole vyangu havijapata mtoto wa jicho."

Nilikataa asubuhi hiyo. Nilikataa na mchana. Jioni nilimkuta amekaa kwenye kiti changu, mashine imezimwa, anaipapasa meza ya chuma, mkono wake, skrubu zake, akijifunza umbo lake. Nikaona huyu hatoki. Nikaweka ubao mpana ili vidole vikae mbali na msumeno, nikasimama nyuma yake, mikono yangu juu ya mikono yake, nikawasha.

Mwili wake wote ulishtuka. Halafu akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tukiwa wadogo, siku zile za ngoma baada ya mavuno. "Inanitekenya mpaka kwenye viwiko!" alipaza sauti. Nilijaribu kumwongoza, lakini muda si mrefu ni yeye aliyekuwa ananivuta mimi. Aligeuza mbao kwa vidole vilivyozoea kupanga majani ya tumbaku, akifuata mstari ambao hakuuona vizuri, mimi nikimwambia, "Kulia kidogo, mayu. Kulia. Simama. Rudi."

Tulivunja misumeno. Kila ulipokatika, tak!, alisema pole, akiuambia msumeno, si mimi. Mwisho wa wiki jogoo akapatikana ndani ya yai lake, amesimama, kifua mbele, mkia umepinda. Pale kwenye mkia palikuwa na kasoro. Mkono uliteleza na unyoya mmoja ukashuka mpaka chini, ukawa unaonekana kabisa kama mguu.

Mama akalipapasa. "Miguu ipo?"

"Ipo, mayu."

"Basi." Akalikumbatia yai lile kifuani, vumbi la mninga likamganda kwenye kanga, jekundu kama udongo wa njia ya kwetu.

Na misumeno ikaisha. Kijisanduku kilichokuja na mashine kilibaki na vipande tupu, Juma Kuu limeingia, na mayai yalikuwa hayajafika nusu ya madirisha. Nilizunguka Kahama yote. Kila duka la vifaa lilinitolea msumeno wa kukatia nondo. Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo, nikaketi kwenye gogo, nikamweleza mama. Akanyoosha mkono nimpe kipande kilichokatika. Akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Hiki nakijua," akasema.

"Unakijua wapi?"

"Unakumbuka nilipovimba kidole, pete ikakataa kutoka? Sonara wa Geita ndiye aliyenikatia. Aliingiza kitu kama unywele chini ya pete, akawa anakivuta hivi na hivi. Kilikuwa hiki hiki. Mwenye dhahabu anakata na nini, kama si na kitu chembamba?"

Ukanda mzima huu unachimba dhahabu, masonara wamejaa, na mimi nilikuwa nazunguka maduka ya nondo! Kesho yake kaka alimpeleka mama Shinyanga kwa upasuaji, nami alfajiri hiyo hiyo nikapanda gari la kwenda Geita kumtafuta sonara yule yule, yai moja nimelifunga kwenye kitenge.

Sonara alikuwa mzee wa Kiislamu, kofia nyeupe, duka lake halizidi upana wa kitanda. Kibao cha kazi kilikuwa kimetobolewa pembeni, na hapo palikuwa na fremu ndogo yenye msumeno kama ule wangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unauza au unanunua?"

"Dhahabu sina, mzee. Natafuta msumeno kama huo."

Akaniangalia juu ya miwani. "Wewe ni sonara?"

"Seremala."

Alicheka. Nikakifungua kitenge. Akalichukua yai, akaweka kioo chake cha kukuzia jichoni, akalizungusha kwenye mwanga wa mlangoni kama anakagua pete ya bibi harusi. Ilikuwa Ramadhani, na mwaka huo mfungo wao na Kwaresima yetu vilikwenda pamoja. "Hili yai la nani?" akauliza.

"La Pasaka, mzee. Tunapamba kanisa."

"Subhanallah. Mimi nimefunga, wewe umefunga, na mbele yetu yai ambalo hakuna anayeweza kulila!" Akagonga meza kwa kucheka, nami nikacheka naye. Kisha akatoa kifurushi cha misumeno iliyofungwa kwa uzi, akaulinganisha mmoja na kipande changu kilichokatika. Urefu ulikuwa sawasawa. "Jaribu hii. Ni myembamba kuliko yako, itakupa shida kwanza. Ipitishe kwenye mshumaa kabla ya kukata, iteleze. Na ukipata nafasi nichongee na mimi moja, la maua tu. Mimi si wa Pasaka, lakini kitu kizuri ni kizuri."

Njia nzima ya kurudi nilikishika kifurushi kile mkononi. Tulipita Kakola, vijana wa machimbo wamejipaka vumbi, pikipiki zimebeba viroba vya mawe, na nikawaza kwamba katika gari lile hakuna aliyekuwa na mali kunizidi. Nilishuka Kahama nikaenda moja kwa moja karakana bila kuvua viatu. Nikasugua msumeno kwenye mshumaa, nikaufunga, nikawasha.

Ulikaa! Na haukukaa tu. Ule wembamba wake ulinipeleka mahali ambapo misumeno ya kwanza haikuweza kufika. Niliweza kugeuka papo hapo kwenye kona isiyozidi punje ya mtama. Nikaacha michoro ya kwenye simu, nikaanza kuchora ya kwetu. Nikachonga ua la pamba likiwa limepasuka. Nikachonga kaburi na jiwe lililobiringishwa, nalo jiwe nikaliweka kama yale mawe makubwa yaliyobebana unayoyaona ukienda Mwanza. Nikachonga kanga, yule ndege, na madoa yake yote, kila doa tundu lake, nikiimba kwa sauti kubwa juu ya mlio wa mashine. Jirani yangu fundi nguo alikuja akaacha kazi yake, akawa ananipigia msasa, hatuongei, kila mmoja amenogewa.

Simu ilipigwa Alhamisi Kuu. Alikuwa kaka. "Bandeji wameitoa leo," akasema. "Ngoja akuambie mwenyewe."

Nikasikia sauti ya mama. "Mwanangu! Kaka yako ana mvi!"

Nilikaa chini kwenye takataka za mbao, nikalia na kucheka pamoja.

Daktari aliamuru asikaribie vumbi mpaka dawa za matone ziishe, kwa hiyo kaka akakaa naye Shinyanga mpaka Jumamosi, nimalize kukata. Alipoletwa kwangu, amevaa miwani myeusi mikubwa kuliko uso, mayai yote yalikuwa yameshakwenda kanisani. Mimi na Sista tuliyatundika kwa mishipi ya kuvulia samaki, Sista juu ya ngazi, hataki mtu mwingine apande. La jogoo niliomba likae dirisha la mbele kabisa.

"Hili lina miguu mingapi?" Sista aliuliza kutoka juu.

"Litundike tu, Sista."

Asubuhi ya Pasaka nilimwambia mama kwamba halazimiki kuja. Akanijibu kwamba yeye haji kwa padri, anakuja kwa jogoo wake. Alivaa vitenge vipya, miwani myeusi, akanishika mkono kwa mazoea tu, maana njiani yeye ndiye aliyekuwa akinionyesha vitu: mbuzi juu ya kichuguu, rangi ya mabati mapya, shati la mtu aliyekuwa mbali kabisa.

Tuliingia kwaya ikiwa imeanza. Jua lilikuwa limepanda kiasi cha kufika madirisha ya mashariki, na lilikuwa linaingia kwa nguvu. Nilikuwa nimeyakata mayai yale kwa mikono yangu, namjua kila mmoja wa ndege na kila ua, lakini lile sikuwa nimeliona. Kanisa zima lilikuwa limejaa picha za mwanga. Zilikuwa kwenye sakafu ya saruji, kwenye mabega ya wazee, kwenye magauni meupe ya watoto. Upepo uliyasukuma mayai na picha zote zikatembea. Watoto wa chekechea waliacha kuimba, wakaanza kuyakanyaga maua ya pamba sakafuni, wakirukaruka, na Sista hakuwazuia. Kigelegele cha kwanza kilitoka nyuma, kikajibiwa mbele, halafu sikusikia tena kwaya inaimba nini.

Mama alivua miwani. Nikataka kumkataza, nikashindwa. Alitembea katikati ya watu mpaka dirisha la mbele, akainua uso, akatazama. Akatazama tena. Akanigeukia, na kwa sauti yake ya shambani, ile ya kumwita mtu ng'ambo ya mto, akauliza:

"Huyu jogoo ni wa nani?"

"Wako, mayu."

"Mbona ana miguu mitatu?"

Benchi zote za mbele zilisikia. Padri mwenyewe aliinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Mama akajaribu kujizuia kwa ncha ya kitenge, akashindwa, na kicheko chake kikapita kanisa zima. Machozi yalikuwa yakimtoka kwenye macho yote mawili, nami nikampa kitambaa haraka, nikimwambia asiyasugue. "Muache," akasema kati ya kicheko. "Muacheni hapo hapo. Huyo hata wakimkata mmoja atatembea."

Baada ya ibada watu hawakutawanyika. Walisimama chini ya madirisha, kila mmoja anamwonyesha mwenzake, na mama akawa mwenyeji wao. Aliwaeleza msumeno unavyopitishwa tunduni, namna ya kugeuza bila kusukuma, na sonara wa Geita, kana kwamba alikwenda yeye. Wanawake wa jumuiya yetu wakaniuliza kama ile michoro ya vitambaa vyao vya makochi ingeweza kukatwa kwenye mbao. Nikawaambia walete. Jumatatu ya Pasaka walileta.

Yai la sonara nililipeleka wiki iliyofuata, ua la pamba katikati ya majani. Alilitundika juu ya mizani yake.

Kaka alimtaka mama arudi Ushetu, tumbaku ilikuwa inakaushwa na mikono ilihitajika. Mama alisema tumbaku imemwona miaka mingi, itamvumilia. Kila siku alikaa nje ya banda, mbali na vumbi kama daktari alivyoagiza, akinielekeza kwa sauti. Matone yalipoisha, na daktari alipomruhusu, hakusubiri chai. Nilimfungia msumeno mpya, nikampa karatasi yenye kanga aliyemchora mwenyewe, nikasogea pembeni. Safari hii sikumshika mikono.

Akawasha. Aliinama karibu na mstari, macho yamemtoka, ulimi kati ya meno. Mstari ulikwenda huku, msumeno ukaenda kule. Tak! Nikaweka mwingine. Tak!

"Macho haya yananichanganya," akasema kwa hasira. "Nilikata vizuri nilipokuwa sioni." Nikampa msumeno wa tatu, nikageuka kuokota vipande, na nilipomtazama tena alikuwa ameufunga, amewasha mashine, na amefumba macho yote mawili, anatabasamu.

"Mayu, fumbua!" nilipiga kelele. "Fumbua macho!"

Alicheka sana hata akashindwa kupata swichi, ikabidi nizime mimi.